Sajenti Thurman Hainami

Mume wangu Thurman hatulii. Kanisani husimama nyuma kabisa, kando ya mlango. Chakula hukila akizunguka jikoni na sahani mkononi, na kitanda ametuachia mimi na mbwa. Miaka ya kubeba makombora ya mizinga jeshini ilimsaga mgongo, hadi madaktari wakamuunganisha pingili za kiuno kwa vyuma na skrubu. Hapa Lawton, mji wa kambi ya jeshi, wanaume wa namna hiyo wako kila mtaa. Ukitaka kuwajua, tazama nani amesimama na viti viko tele.

Bado anafanya kazi ghalani, juu ya mashine ya kuinulia mizigo inayomtikisa kutwa. Daktari aliyempasua alimwambia aiache, la sivyo pingili inayofuata nayo itakwenda. Lakini ataiachaje kabla serikali haijampandishia kiwango cha ulemavu, kile kinachoamua malipo yake? Tulidai mwaka juzi, tukanyimwa, na aliyetuponza ni yeye mwenyewe.

Siku ile ya kupimwa alipiga pasi shati kama anakwenda gwaride. Mpimaji akamuuliza hali. "Niko fiti, afande!" Akaambiwa ainame, aishie pale maumivu yanapoanza. Mwambie hivyo mwanajeshi uone! Akajikaza kisabuni, akainama mpaka vidole vikakaribia viatu, huku jasho likimtiririka. Mpimaji akaandika alichokiona. Tulipofika kwenye gari, Thurman akatapika. Nilimnunia wiki nzima, na sioni aibu kusema.

Mwaka huu tukaitwa tena. Asubuhi hiyo akaja Odell, aliyetumikia naye mzinga mmoja jeshini.

"Sajenti," Odell akasema, "leo ukigusa vidole vya miguu, mgongo uliobaki nauvunja mimi."

"Kwa hiyo nikaigize? Mimi si mwongo."

"Mwongo ni yule aliyesema yuko fiti!" nikadakia.

Akaanza kuzunguka meza, kahawa ikimwagika. "Charlene, kuna wenzangu walirudi bila miguu. Nitasema nini mbele yao?"

"Wao wana madai yao, nawe una yako. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Na huyu mwanamke angekuwa jenerali," Odell akacheka, "tungekoma!"

Thurman hakucheka. Njia nzima alijigeuzageuza kitini, mara dirisha chini, mara juu. Nilijua akifika mle ndani ataona ukuta mweupe na mtu mwenye kalamu, atakaza kifua tu.

Safari hii niliingia naye. Mpimaji alikuwa binti mpole, ameshika rula yake ya mikono miwili ya kupimia mtu anainama kiasi gani. "Hujambo, Bwana Pruitt?"

Thurman akafungua kinywa. Nikakohoa.

"Si vizuri," akasema, macho ukutani.

"Pole. Inama taratibu, uishie pale maumivu yanapoanza."

Thurman akasimama wima, mikono ubavuni. Hakutikisika. Sikumbuki lini nilimwona ametulia hivyo.

"Unaweza kuanza," binti akasema.

"Nimeshafika, mama."

"Lakini hujainama."

"Maumivu hayangoji niiname. Yapo hapa nikisimama. Yapo nikilala. Hayajawahi kuondoka."

Binti akaishusha rula, akaanza kuandika. Na mimi, niliyekuwa nikimfokea kila jioni, "Hebu tulia, unanitia kizunguzungu!", nikageukia dirishani nikalia.