Pepeta Chini ya Siti

Ilianza Jumamosi, saa nane na dakika ishirini mchana. Nakumbuka saa hiyo kwa sababu nilikuwa nimeiandika juu ya ukurasa, kama ninavyofanya kila nikifungua daftari. Chini yake niliandika maneno mawili tu, "Mvua tena." Hapo ndipo Bibi aliponiita kutoka mlangoni, akasema mama ameshikwa na uchungu, nimtafute Baba.

Mdogo wangu Kulwa, nakuandikia wewe. Leo una wiki tano na hujui kusoma, na nadhani ndiyo maana nimeweza kuanza. Watu wakubwa siwezi kuwaambia mambo. Nikitaka kusema naishia kuangalia vidole vyangu vya miguu. Ila wewe utakua, na utakuwa na swali. Ukijitaja jina, kila mtu atajua ulizaliwa pacha, atataka kujua Doto yuko wapi. Hapa Michenga wanajua, watanyamaza. Ukienda shule Ifakara watakuuliza mpaka uchoke. Mimi nimekuzidi miaka kumi na sita, kwa hiyo kwako mimi ni mtu mzima, na ni haki yako kusikia kutoka kwangu.

Ile pikapu ya Baba unayoiona uani ni ya zamani kuliko mimi. Ni nyeupe, mlango mmoja wa bluu kwa sababu ulitoka kwenye gari jingine. Inabeba mpunga wetu na wa majirani, lakini masika yakikolea inabeba wagonjwa, maana barabara ya kwenda Ifakara inakuwa tope tupu na bajaji zinakwama zote. Maji yakijaa mashambani, panya nao wanatafuta pakavu, na gari lililosimama ni pakavu na pana joto. Kwa hiyo Baba aliitunza pikapu yake kama mtu anavyotunza ng'ombe wa maziwa. Kila jioni alifagia punje zote za mpunga kwenye bodi la nyuma. Mchana alifungua boneti ili mwanga uingie. Tundu ambalo mipira inapitia kutoka kwenye injini kuja ndani aliliziba na waya wa kusugulia sufuria, maana panya wanaogopa kuutafuna. Na sheria yake ilikuwa moja, chakula kisiingie ndani ya gari, hata muwa.

Sasa mimi, mdogo wangu, ndani ya gari ndimo nilimokuwa na chumba changu. Nyumbani nalala na Bibi, na Bibi akiniona na kalamu anauliza naandika nini, nisome kwa sauti. Kwa hiyo mchana nilikuwa naingia kwenye pikapu, nafunga mlango, mvua inapiga juu ya bati, naandika mambo yangu. Ulikuwa msimu wa pepeta. Utazijua tu, Bibi atakutengenezea: mpunga ambao haujakomaa unakaangwa, unatwangwa ukiwa bado wa moto, unakuwa bapa na mtamu. Nilifunga za kwangu kwenye kitambaa nikazificha chini ya siti. Nilikuwa nakula huku naandika. Daftari la zamani lililojaa nililiacha humohumo.

Jumanne nilisikia kitu kinakwaruza nyuma ya dashibodi. Nikapiga kwa ngumi, kikanyamaza. Kesho yake kilikwaruza tena, na kitambaa kilikuwa na tundu. Usiniulize kwa nini sikuzitoa zile pepeta palepale. Nilizisukuma ndani zaidi ili Baba asizione.

Jumatano hiyohiyo tukiwa tunakula wali, Baba aliuliza, wala hakuwa na hasira, "Hivi kuna mtu amesikia panya kwenye gari? Naona kama kuna harufu." Mama alisema hajasikia. Bibi alisema panya wenyewe mwaka huu wako mpaka kwenye ndoo ya maji, akatuchekesha. Mimi niliangalia sahani. Ningesema "nimesikia" ningeulizwa nimesikilia wapi, na chumba changu kingeisha. Nilikuwa nalinda mahali pa kukaa peke yangu. Ni hicho tu.

Wote tulijua mama ana mapacha. Kliniki walimwambia mmoja amekaa vibaya, asijaribu kuzalia nyumbani, awahi hospitali Ifakara akasubirie huko. Safari ilipangwa Jumatatu. Nyie mkatangulia, mkaja Jumamosi.

Baba alikuja mbio kutoka shambani, miguu imejaa tope. Mama alikuwa ameshapandishwa, amekaa mbele na kanga zake mbili. Baba akazungusha swichi. Gari halikutoa hata sauti. Akazungusha tena. Mama alisema taratibu, "Baba fulani, harakisha." Siku zote humwita Baba kwa jina langu, ila akiwa na maumivu husema hivyo tu.

Wiki ile mvua haikumpa nafasi ya kufungua boneti; alipolifungua niliona kila kitu. Ule waya wa kuzibia tundu ulikuwa umesukumwa pembeni, na nyaya za umeme zimeliwa, zimebaki shaba zinazong'aa. Juu ya betri kulikuwa na kiota, na ndani yake vitoto vyekundu vitano. Kiota kilitengenezwa kwa sponji ya siti, maganda ya pepeta, na karatasi zilizochanwa. Karatasi zilikuwa na mwandiko wangu. Baba alizoa kila kitu kwa mikono miwili akatupa chini bila kuangalia, akakimbia kwa jirani mwenye pawatila, lile trekta dogo la kulimia mpunga. Mimi niliokota vile vipande nikavitia mfukoni.

Pawatila na tela lake haina haraka, Kulwa. Mtu anatembea anaipita. Walitandika majani ya mpunga na godoro, mama akalala, Bibi akakaa miguuni kwake, mimi nikapewa turubai niwafunike mvua na nikaambiwa niangalie pembeni. Baba alitembea mbele akipima tope kwa fimbo. Ulizaliwa juu ya tela, katikati ya mashamba ya watu, na Bibi akakukata kitovu kwa wembe mpya aliokuja nao. Ulilia kwa nguvu. Baada ya hapo mama alisukuma, akasukuma, hakuna kilichotoka, na injini ilikuwa inapiga tu pole pole kama haina habari na sisi. Tulifika hospitali jua limezama. Muuguzi alimwambia Baba kwamba tungefika kama saa mbili kabla, wangempasua mama, Doto angekuwepo.

Mwezi huu Bibi aliniambia maneno ambayo nakuachia wewe. Tulikuwa tunaosha nepi zako. Alisema, "Mwanangu, ungesema siku ile ya wali, Baba yako angefoka, wewe ungelia, tungemaliza kula. Yangeisha pale pale." Akaendelea kusugua.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, mdogo wangu. Usiweke chakula ndani ya gari. Usiache punje, fagia mpaka pembeni, fungua boneti mchana, na gari liwashwe kila siku hata kama halina safari. Na ukisikia kitu kinakwaruza, sema siku hiyohiyo, hata kama kusema kutakuvua nguo mbele ya watu. Mimi aibu yangu niliilisha pepeta siku nne, ikazaa.

Mungu akukuze. Akupe sauti ileile uliyolia nayo kwenye tela, usiipoteze kama mimi. Uishi na miaka yako na ile aliyokuachia Doto. Na ukishasoma hapa, ukinichukia, uniambie.

Siku ile uliyozaliwa mimi nilirudi nyumbani usiku na pawatila, na asubuhi yake, Jumapili, watu wanakwenda kanisani, Baba alirudi kwa miguu akiwa amembeba Doto ndani ya kitenge cha mama. Hakuingia ndani. Alikaa nyuma ya pikapu, kwenye ukingo wa bodi, mvua imekatika. Nilichukua kile kitambaa chenye tundu na vile vipande vya karatasi, nikaenda mpaka mbele yake.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba."

Nikaviweka kwenye bodi, karibu naye. Nikasema, "Pepeta zilikuwa zangu. Na Jumatano ulipouliza, nilikuwa nimewasikia panya."

Aliziangalia zile karatasi. Akachukua moja, akaisoma, akairudisha pale pale. Kisha akasimama, akanipa Doto nimshike, akaenda kuchukua jembe. Nilimshika mpaka shimo lilipopata kina.