Nilivyouchua Mguu wa Baba

Wasomaji, nichekeni polepole. Wakati wa uasi, mtaa wetu wa Mulongwe, kando ya ziwa, ulikuwa umefunga mizigo ya kukimbilia milimani, na kiharusi kilikuwa kimelaza mguu wa kuume wa baba, pamoja na ulimi wake. Asipotembea, hatuondoki. Mimi, mhitimu wa shule ya usiku, nikaketi mbele yake, nikashika mguu ulioelekea mkono wangu wa kuume, nikauchua kwa mawese wiki mbili, mpaka ziwa zima likanukia. Siku moja ukarusha teke! Nikaita majirani: “Mukuje muone kazi ya masomo!”

Mama akapiga vigelegele. Midomo ya baba ikatetemeka, maneno yake ya kwanza yakatoka:

“Mujinga weye, huu iko muzima! Chua ule mwingine!”