Dele la Kahawa Ndani ya Sanduku Tupu

Saa kumi na robo alasiri, Idi pili ya Idi ndogo, nilimpa dada yangu Rahma ishara alete chetezo. Saa naikumbuka kwa sababu nilikuwa nimeiandika kwenye daftari siku tatu kabla: saa kumi kamili, kopo, kumi na dakika saba, kamba, kumi na robo, moshi, kumi na dakika ishirini, sanduku. Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Tulikaa Sib, karibu na Maskati, nyuma ya soko, na siku hiyo majlisi ya wanawake ilikuwa na wageni kumi na tisa, bila ya kumhesabu Bibi, ambaye alikuwa mwenyeji.

Enzi zetu, mtu aliyetaka kufanya mazingaombwe hakununua vifaa, kwa sababu havikuwepo vya kununua. Alitengeneza. Nilikuwa na kitabu kimoja cha kigeni kilichokatika jalada, nilichokipata Mutrah kwa muuza vitu vikuukuu, na kurasa zake nyingi hazikuwepo. Zilizobaki nilizisoma kwa kamusi, neno kwa neno. Fimbo yangu ilikuwa kipande cha erio ya televisheni. Kopo la ajabu lilikuwa makopo mawili ya maziwa ya unga, dogo ndani ya kubwa: hadhira waliona mchele juu, na chini yake nilificha mtandio. Gundi ilikuwa uji wa ngano, na kwa wiki nzima sisimizi walinilia kazi yangu mpaka Bibi akaniambia nitie shabu kidogo. Nilitia, wakaondoka. Bado nnatumia njia hiyo ninapobandika karatasi.

Kazi kubwa ilikuwa sanduku. Baba alikuwa karani bandarini, akiniletea mbao nyembamba za makasha, nyingine bado zina harufu ya majani ya chai. Msumeno niliazima kwa Mjomba Nasor, seremala mwenye karakana mtaa wa Ghala. Sanduku lilikuwa na upana wa sentimita thelathini kila upande, mlango mbele na kifuniko juu. Ndani yake kioo kilisimama mshazari, kutoka pembe ya mbele hadi pembe ya nyuma. Anayetazama mbele huona ukuta wa pembeni ndani ya kioo, akadhani ni ukuta wa nyuma, na akaapa kwamba sanduku ni tupu. Nyuma ya kioo pana nafasi ya pembetatu. Nafasi hiyo ilitosha dele la kahawa na vikombe viwili, niliipima.

Ila kioo chenyewe sikuwa nacho. Kilikuwa kwenye mlango wa kabati la Mama, nacho kina ufa chini. Ufa ndio hoja niliyompelekea.

“Ufa umo kwenye kioo,” alisema Mama, “haumo kichwani mwangu.”

Nilimweleza mahesabu. Kioo kipya ni riali mbili. Wageni wa Idi pili hawapungui kumi na tisa, na watu wetu hawamwachi anayewafurahisha bila ya tunzo. Hata mtoto akisoma kasida huwekewa kitu mkononi. Kila mmoja baisa mia, na Bibi mia yake, zinatimia riali mbili kamili.

Mama alifikiri, akisuka nywele za Rahma. “Haya. Ukiniletea kipya kabla ya skuli kufunguliwa, endelea na mambo yako. Ukikosa, msumeno unarudi Ghala na sitaki kuona ubao tena humu ndani.”

Hivyo ndivyo nilivyoliweka rehani jambo pekee nililokuwa nikilijua vizuri. Mjomba alikikata kioo kwa almasi yake ya kukatia vioo. Kwisha, hakikuweza tena kurudi kabatini.

Palikuwa na sharti la pili, la Bibi. Yeye alitaka kila kifaa kikaguliwe mbele yake, ahakikishe hamna sihiri. Nilimfungulia makopo, nikamfungulia sanduku, nikamwonyesha kioo. Aliingiza mkono nyuma yake, akapapasa, akasema, “Basi huu useremala tu. Fanya.”

Sasa kuhusu moshi. Kitabu kilisema mfanya mazingaombwe hutanguliza moshi kabla ya jambo lake kubwa, ili macho ya watu yachoke. Nyumbani kwetu moshi haukuwa wa kutafuta. Rahma aliingia na chetezo cha udi kwa dakika ileile niliyoiandika, akaanza kumpitia kila mgeni, kama alivyofunzwa.

Kila aliyekulia Maskati anajua kilichofuata. Sisi, kahawa hutangulia, na udi ndio mwisho. Chetezo kikishapita mgeni hujifukiza, hushukuru na huondoka. Bi Zuwena, jirani yetu, aliingiza moshi ndani ya mtandio wake, akatafuta viatu.

“Mtoto ana adabu huyu,” alimwambia Mama. “Wengine hatuambiwi tuondoke mpaka magharibi.”

“Bi Zuwena, bado sanduku,” nilisema.

“Na Idi ya mwakani ipo, mwanangu.”

Walicheka, wakanibusu kichwani, wakaenda, wote kumi na tisa. Tunzo hutolewa jambo kubwa likishaonekana, na wao hawakuliona. Saa kumi na dakika ishirini nilisimama mbele ya matakia matupu na Bibi.

“Mbona umesimama?” aliniuliza. “Mimi nakaa humu, siendi popote. Fungua.”

Nilifungua mlango: tupu. Nilifunga, nikagonga kwa fimbo, nikainua kifuniko, nikatoa dele na vikombe. Nilimimina. Kahawa ilimwagika kidogo kwenye mkeka. Alikunywa taratibu.

“Kahawa baada ya udi,” alisema. “Ungeanza na hii, wangekaa.”

“Lakini Bibi, wewe ulishajua imo.”

“Nilijua imo. Sikujua utaitoaje.” Akafungua fundo la leso, akaniwekea baisa mia mkononi.

Mjomba Nasor aliufuata msumeno wake juma lile. Mama alichana nywele mbele ya ubao mtupu mpaka Idi kubwa, nilipomaliza kuweka akiba ya pesa za skuli na kumnunulia kioo. Msumeno haukurudi. Tangu hapo nilibaki na kukata na kubandika karatasi tu.

Sanduku bado ninalo stoo, na gundi haijaachia. Mwaka jana binti yangu aliagiza la plastiki kwa simu. Lilifika mlangoni kwa siku nne, na maelekezo kwa lugha sita. Alilifungua, akachungulia, akasema, “Baba, kumbe kioo tu,” akalirudisha kwenye boksi lake. Vijana wa sasa ukiwapitishia chetezo wanaziba pua, wanasema udi unawapa mafua, na hakuna anayeinuka mpaka simu ijae chaji. Leo ningemaliza onyesho langu lote. Wangebaki kumi na tisa kamili, wala wasiinue macho. Wale wa zamani waliondoka kwa heshima, na mmoja alibaki akatazama.

Hasara yangu ya siku ile, baada ya kutoa tunzo ya Bibi, ni riali moja na baisa mia tisa.