Mihayo hakulewa

Jumatatu asubuhi, wodi ya dharura. Sista Salvina anamchoma kidole mchimbaji aliyebebwa mzobemzobe kutoka machimboni, anakamua tone la damu, anasubiri mashine isome. Waliomleta wanacheka: ni pombe tu hiyo, sista, mwache alale.

"Sukari kwanza," anasema. "Pombe tutaiongelea baadaye."

Sukari iko sawa. Kumbe ni pombe kweli. Wanazidi kucheka, naye anamlaza mgonjwa ubavu asije akapaliwa na matapishi. Lakini kila nyayo zinaposikika varandani, shingo yake inageukia mlangoni. Kuna mtu ambaye sista anamsubiri. Anatamani aje, na anaogopa akija.

Salvina ni mzaliwa wa Ushirombo, na huu ni mwaka wake wa tisa wa uuguzi katika hospitali hii ndogo upande wa Bugarama. Siku za mavuno ya dhahabu, wauguzi wawili huhudumia wagonjwa hata arobaini.

Anayesubiriwa ni Mihayo, mchimbaji wa zamani mwenye kisukari. Kila Jumatatu, siku ya kliniki, humletea sista kifurushi cha michembe, viazi vilivyokaushwa na mkewe. Ana miaka hamsini na mmoja, Salvina thelathini na mitatu, lakini mzee ndiye huamkia: "Shikamoo, sista. Wewe ndiye uliyenirudisha duniani."

Kila mara Salvina aliitikia marahaba haraka, akageukia mafaili. Michembe aliwagawia wanaouguza ndugu zao, yeye hakuonja hata kipande. Siri ya mtungi aijuaye ni kata.

Mwaka jana Mihayo alijichoma sindano yake ya insulini, akawahi duarani, shimoni kwa wachimba dhahabu, kabla uji haujaiva. Aligonga mwamba na njaa mpaka jua likawa kali. Akaanza kutoka jasho, kuongea ovyo, kisha akaanguka. Wenzake, kwa nia njema kabisa, wakammwagia gongo kichwani na kifuani ili azinduke.

Alifika hospitali ananuka kama pipa la pombe. Siku hiyo duara moja lilikuwa limetema dhahabu, na walevi walijaa hadi kwenye mabenchi. Huku kwetu tuna macho mepesi sana ya kuona mlevi.

"Nikasema, huyu kalewa, mlazeni pembeni pombe imtoke," anasimulia Salvina, akitazama viatu vyake. "Sikumgusa. Ngozi ilikuwa ya baridi, imelowa jasho. Ningemgusa tu ningejua."

Alilala pembeni hadi alasiri, akaanza kukakamaa na kurusha mikono. Dakta Theonest, aliyekuwa anaingia zamu, aliuliza sukari yake ni ngapi. Hakuna aliyekuwa ameipima. Walipopima, ilikuwa imeshuka vibaya. Wakamsukumia glukosi kwenye mshipa, akafumbua macho, na uso wa kwanza kuuona ulikuwa wa Salvina.

"Wengine wote tulipita pale alipolala," anasema daktari huyo. "Aibu hii si ya sista peke yake."

Ubongo ukikosa sukari kwa muda mrefu huumia. Mkono wa kulia wa Mihayo haushiki nyundo tena, na siku ile imefutika yote kichwani mwake.

Lakini neno "kalewa" lilitoka wodini likafika kijijini kabla yake. Mihayo alikuwa sauti ya besi ya kwaya, na tangu abatizwe hakuwahi kugusa pombe. Kwa kuwa hakumbuki kitu, aliamini alichoambiwa; hata wenzake wa duarani waliamini neno la hospitali. Alisimama mbele ya waumini, akatubu dhambi ya ulevi. Wakamvua joho la kwaya.

Salvina aliyajua hayo mwezi uliopita, kwenye benchi la kliniki, kutoka kwa Wema, mke wa Mihayo, ambaye yeye humwita Mama Lusia.

"Mama Lusia alikuwa ananishukuru," anasema. "Eti mume wangu alilewa akataka kufa, ukamwokoa, sasa katubu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze."

Jumatatu iliyopita alimweleza Mihayo ukweli wote, amesimama kama mshtakiwa.

"Kwa hiyo mimi sikunywa?" Mihayo aliuliza.

"Hukunywa, Baba Lusia. Ilikuwa sukari. Mimi ndiye niliyesema umelewa."

"Nililia pale mbele, sista. Watoto wangu wananitazama."

Akaondoka bila kuchukua dawa.

Siku hizi Jumamosi Salvina hupita maduarani kufundisha: mwenzako akitoka jasho, akitetemeka na kuongea ovyo, usikimbilie kumwita mlevi. Kama anaweza kumeza, mpe soda au maji ya sukari. Kama hajitambui, usimtie kitu mdomoni. Mlaze ubavu, mkimbizeni hospitali. Angependa kila duara liwe na sukari na mtu anayejua kuitumia. Ila tumaini lake kubwa ni jingine: "Nimwone na joho lake."

Karibu na adhuhuri Mihayo anaingia, Wema nyuma yake. Hana kifurushi. Haamkii.

Salvina anapiga goti. "Shikamoo, Baba Lusia."

Mzee haitikii.

"Jumapili ibada ni saa tatu," anasema. "Utakuja useme mwenyewe, kwa mdomo wako."

"Nitakuja."

"Useme kwa sauti. Hata wa nyuma wasikie."

"Nitasema kwa sauti, baba."

Mihayo anakaa kwenye benchi, ananyoosha kidole apimwe.

"Marahaba," anasema.