Oili Aliyouziwa Elia

Elia Mkude alikuwa mpasua mbao wa Kinole, na kwa miaka ishirini na mbili chensoo yake, msumeno wa injini, haikuwahi kunoki na kukwama. Watu walidhani ana dawa. Dawa yenyewe ilikuwa kipimo: lita tano za petroli, mililita mia mbili za oili ya mashine ndogo, kisha anatikisa galoni mpaka mkono uchoke. Wenzake waliobania oili walizika mashine zao mapema. Waliozidisha walikata miti huku moshi ukiwatoa machozi.

Kipimo hicho Elia alimfundisha Halidi, aliyefanya naye kazi miaka sita kabla ya kushuka Morogoro mjini kufungua duka la vipuri. Tangu hapo Elia hakununua oili kwingine.

Kiangazi cha mwaka jana Halidi alimtolea oili nyekundu, akasema ni ya kisasa, lita tano zatosheka na mililita mia tu. Elia alisita, maana kifuniko cha chupa hakikuwa na lakiri. Halidi akamwuliza kwa upole kama kweli angeweza kumdanganya mtu aliyemfundisha kazi. Elia akaona haya kwa kumshuku, akainunua.

Siku ya tatu, akiangusha mkaratusi, chensoo ililia kwa ukali ikanyamaza. Kamba ya kuwashia haikuvutika tena. Fundi Yohana alipofungua silinda, pistoni ilikuwa imechubuka mistari. Akadondosha ile oili kwenye karatasi nyeupe, doa likatanda jeusi. Ilikuwa oili chafu ya magari, imechujwa na kutiwa rangi.

Njia nzima ya kushuka mjini Elia alijiambia kwamba Halidi naye kalaghaiwa. Dukani alimkuta Zuleha, mke wa Halidi, aliyemwamkia shikamoo. Alipoiona chupa mkononi mwa Elia, akainamisha macho, akasema kwa sauti ndogo kuwa ile wanaichuja wenyewe uani.

Halidi alipoingia hakukana.

"Wateja wengine wanakagua chupa," alisema. "Nilijua wewe hutakagua."

Elia alikuwa amejiandaa kusikia uongo. Ukweli huo hakuwa na pa kuuweka. Halidi akamfungia pistoni mpya kwenye gazeti, na Elia akaichukua, kwa kuwa bila mashine hakuna chakula nyumbani. Akaondoka bila kuaga.

Mwezi wa kumi mama yake Halidi alifariki hukohuko Kinole. Elia alipasua mbao za kufunikia mwanandani wa kaburi, akazibeba mwenyewe hadi makaburini. Marehemu alikuwa amemlisha mara nyingi. Baada ya maziko Halidi alimfuata, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akaanza kusema jambo.

"Pole kwa msiba," Elia akamkatiza.

Akautoa mkono wake taratibu, akaenda kupanga foleni ya kunawa pamoja na watu wengine.