Chumvi Iliyokuwa Kiganjani

Dada yangu ni mpishi, na katika nyumba anayofanyia kazi hakuna anayemwita kwa jina lake. Wanamwita Bi Kiganja, kwa sababu hapimi kitu kwa kijiko. Manjano kiganjani, bizari kiganjani, chumvi kiganjani. Anakitazama kile kilima kidogo, anakipunguza kwa kidole, anakimimina. Mimi ni dobi wa nyumba hiyo hiyo. Mlango wa chumba cha kufulia unatazamana na wa jikoni, kwa hiyo mambo ya jikoni nayajua hata nisipotaka.

Wenye nyumba ni Wahindi. Hawali nyama, hawali samaki, hata yai halivuki kizingiti. Asubuhi yao ni viazi vya mchuzi na puri, vile vimkate vyembamba vya kukaanga. Mama mwenye nyumba, ambaye ni mjane, ana meza ndogo ya ibada kwenye kona ya sebule, na chakula hupelekwa kwanza pale, mbele ya Mungu, ndipo watu wale. Ndiyo maana mpishi haruhusiwi kuonja. Huwezi kumpelekea Mungu makombo ya mpishi. Dada aliishika sheria hiyo tangu siku ya kwanza na hajawahi kuivunja. Anasema mpishi wa kuonjaonja ni mpishi asiyejiamini. Ana majivuno, dada yangu, na sifichi.

Siku zile kilichokuwa kikimkera ni kimoja tu, kibakuli cha chumvi mezani. Mama alimwagiza awe anakiweka kila asubuhi, eti daktari amesema kila mtu ajiongezee mwenyewe kwa kipimo chake.

"Madaktari nao," Dada alinung'unika, "wameacha kutibu watu, sasa wanapanga meza."

Basi akaja mwana mkubwa wa Mama, yeye na mkewe, kukaa siku chache. Jioni ya siku ya tatu Dada akamsikia akisema ukumbini, "Mama, Bi Kiganja amechoka. Mpumzishe." Neno hilo lilimchoma pabaya. Mama yetu sisi alianza kwa kusahau funguo, akaja akasahau njia ya sokoni, mwisho akaniuliza mimi ni binti wa nani. Dada ndiye aliyekuwa akimlisha. Tangu hapo akisahau hata kijiko huwa anajichunguza. Kwake jikoni pale ndipo anapopata hakika kwamba kichwa chake bado kiko sawa. Asubuhi iliyofuata viazi havikutakiwa kuwa na kasoro hata chembe.

Nilimkuta ameshachemsha viazi na kuvimenya, anavivunjavunja kwa mkono, maana kisu huvifanya viwe na sura ya hospitali. Mafuta yalipopata moto akatupa mbegu za haradali, zikaruka na kupasuka, zikafuata bizari nyembamba, tangawizi, pilipili mbichi na majani ya mchuzi. Kitunguu hakuna, kitunguu saumu hakuna. Nyumba ile hawavili. Manjano, viazi, maji kidogo. Kisha akachota chumvi kiganjani.

Hapo hapo maziwa ya chai yakafurika. Dada akapiga ukelele, akazima moto, akanyakua kitambaa, akafuta huku akiyatukana maziwa kana kwamba yana masikio. Alipogeukia sufuria, akasimama. Akakitazama kiganja chake. Kilikuwa kitupu.

"Chumvi nimeweka?" akaniuliza.

"Mimi nilikuwa naangalia maziwa."

"Na ile iliyokuwa mkononi iko wapi?"

Tukatafuta. Sakafuni hakuna. Juu ya jiko kuna maji ya maziwa tu. Nikayaonja maziwa yenyewe, hayana chumvi. Nikakilamba kitambaa cha kufutia, Mungu anisamehe, nikakuta kina chumvi kidogo.

"Basi imeingia kwenye kitambaa!" nikasema.

"Au ni jasho langu."

Nikamtazama usoni. Alikuwa anatoka jasho kweli.

"Dada, lamba mwiko kidogo tu. Nani atakuona?"

Akanitazama nikatamani kurudi kwenye ndoo zangu. "Wewe unadhani nilikuwa naogopa kuonwa miaka yote hii?"

Akachota chumvi nyingine. Akairudisha. Akachota tena. Ikiwa ya kwanza imo, hii itaharibu sufuria nzima. Ikiwa haimo, mwana mkubwa atapata ushahidi wake. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. Mwisho akairudisha chumvi koponi, akapakua.

Mama akapeleka kibakuli cha viazi kwenye meza ya ibada, kengele ikalia, akarudi mezani. Dada akabeba viazi, mimi nikabeba puri nipate kuona. Mwana mkubwa akakata puri, akachota viazi, akatafuna. Bila kuinua macho, mkono wake ukaenda kwenye kibakuli cha chumvi. Akanyunyiza. Mkewe akanyunyiza. Mama naye, ambaye daktari wake ndiye aliyetuletea sheria ile, akanyunyiza kuliko wote, kisha akasema, "Viazi vimeiva vizuri leo."

Hakuna aliyeshangaa. Walifanya kama watu waliozoea.

Dada akakitazama kile kibakuli alichokijaza kwa mkono wake mwenyewe. Nikamwona anaelewa, na mimi nikaelewa nyuma yake: kibakuli hakikuwa cha daktari, kilikuwa cha kufunika usahaulifu wake.

"Mama," akasema taratibu, "ni asubuhi ngapi?"

"Asubuhi ngapi za nini? Puri zinapoa, Bi Kiganja."

Dada akarudi jikoni, akajipakulia, akala amesimama. "Havina chumvi kabisa," akasema. Hakujua acheke au alie, akafanya vyote kwa zamu, na mimi nikakasirika bila kujua namkasirikia nani. Wale waliomficha? Walimstahi. Walimdanganya pia. Hata leo sijui niliite nini jambo lile.

Alikaanga puri za mwisho, akavua aproni, akaikunja vizuri, akaipeleka kwa Mama. Nilimwona Mama akiipokea, akiitazama, kisha akimrudishia mkononi.

Kesho yake, mafuta yakiwa motoni, Mama aliingia jikoni akiburuta kiti. Hakuwahi kukaa humo. Akakaa karibu na jiko, mikono mapajani. Ilipofika zamu ya chumvi Dada akachota, akapunguza kwa kidole, akamimina. Akakoroga. Akasimama na mwiko mkononi, uso umeanza kuduwaa tena.

"Chumvi?" akauliza.

"Umeweka," Mama akasema. "Nimeona."