Biti Iliyopiga Chuma Pasi

Nilikinunua kile kifaa kwa sababu kilikuja na karatasi ya maelekezo, na mimi nikiona karatasi yenye michoro hujiona nimekwisha kuwa fundi. Kilikuwa chuma kidogo cha kufunga mbele ya jiwe la kunolea. Unalaza biti ya drili kwenye mfereji wake, unakaza skrubu, kisha unaipitisha ncha mbele ya jiwe ili pembe itoke ileile pande zote mbili. Karatasi ilisema hata mtoto anaweza. Mimi sikuwa mtoto. Nilikuwa mhadhiri Mkenya wa miaka arobaini na tisa, nimepanga nyumba Bukoto, na nadhani tatizo lilianzia hapo.

Nyuma ya nyumba yetu alifanyia kazi mama mmoja wa Bukavu, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Fundi. Wiki hiyo alikuwa na geti la mteja wa Lubaga, geti lake kubwa la kwanza. Mteja alikuwa ameshuku tangu mwanzo kama mwanamke ataliweza. Alisema atakuja Jumamosi saa sita mchana; asipolikuta tayari, kazi atampa mwanaume wa barabara ya pili. Jumamosi asubuhi yalikuwa yamebaki matundu manne ya bawaba, na biti nene ya kuyatobolea, ambayo alikuwa nayo moja tu, ilikuwa butu. Nilimkuta anaipeleka kwenye jiwe kwa mkono mtupu.

"Mama, niachie mimi," nikasema. "Nina kifaa cha kisayansi."

Mpaka leo sijui kwa nini aliniamini. Labda ni miwani yangu.

Nikanoa. Pembe niliipima kwa kipimapembe cha hesabu cha binti yangu. Ncha iling'aa, tukaifunga kwenye drili, nikaegemea kwa uzito wangu wote, ambao si haba. Chuma kikalia, moshi ukapanda, tundu halikuja. Nikanoa tena. Moshi. Mara ya tatu nilikaza skrubu zaidi, kana kwamba kosa lilikuwa ulegevu, na biti ikazidi kuwa fupi.

"Papa," akasema Mama Fundi, "hii biti haiko inakata. Iko inapiga chuma pasi."

"Lakini pembe iko sawa kabisa!" Nikamwonyesha karatasi.

"Karatasi ndiyo itatoboa geti?"

Mke wangu alikuwa anaanika nguo karibu. Alicheka mpaka kibanio kikamdondoka mdomoni.

Mama Fundi aliinama akaokota uchafu chini ya drili, akausugua kwa vidole kama anayekagua unga wa ugali. "Ona. Biti nzuri inatoa nywele mbili za chuma, ndefu, zinajikunja. Ikitoa moja, mdomo mmoja unafanya kazi, mwingine unakula bure. Wewe uko unatoa unga." Akaniomba kalamu yangu ya wino mzito, akapaka ncha yote nyeusi, akaizungusha kidogo juu ya chuma, akanirudishia. Wino ulikuwa umefutika mgongoni tu, nyuma ya makali. Kwenye makali ulibaki mzima.

Hapo hata mhadhiri alielewa. Mgongo wa ncha ulikuwa juu kuliko makali, ukiyazuia yasikiguse chuma. Nikarudi kwenye karatasi. Chini kabisa, mahali nilipokuwa nimeweka kikombe cha chai, palikuwa na mchoro wa makali yakikaa juu ya kiulimi cha kifaa, kile kibati kidogo kinachotokeza mwisho wa mfereji. Mimi nilikuwa nimekalisha mgongo, mara tatu, kwa uaminifu mkubwa.

"Samahani, mama. Noa tu kwa mkono."

"Hapana. Umeianza, utaimaliza. Mimi nasimama hapa."

Saa tano ilikuwa imeshapita. Nikageuza biti, nikakalisha makali kwenye kiulimi, nikaipitisha taratibu huku yeye akipiga kelele, "Maji! Chovya! Ikigeuka buluu imekufa!" Tulipojaribu, ulitoka unywele mmoja.

"Mdomo mmoja unakula bure," akasema. "Kama nani?"

"Kama mimi."

"Bon, sawa. Punguza ule mdomo mrefu."

Nikaupunguza. Drili iliposhuka tena, zilipanda nywele mbili zinazojikunja, nikapiga kelele kama mtu aliyefunga goli. Matundu manne yalitoka kabla jasho halijanikauka.

Mteja alifika saa sita kasoro. Bawaba zilikuwa zimefungwa na geti limesimama kwenye fremu yake. Alilifungua, akalifunga, akalifungua tena akitega sikio kama anayetafuta kosa. Halikulia.

"Kale, nnyabo, nimekubali," akasema hatimaye, kisha akaninyooshea kidole. "Na huyu ssebo ni nani?"

"Msaidizi wangu. Amesoma sana, lakini taratibu anaelewa."

"Basi ashike upande ule, tulipakie."

Nikaenda nikashika. Tulipokuwa tunalipandisha kwenye pikapu, mteja alimwambia Mama Fundi kwamba dada yake wa Mbuya naye anataka geti kama hili.

"Namutengenezea," akajibu, akinitazama. "Lakini lile nitalifanya peke yangu."